Juti ya Moyna

Moyna Khatun hana kichaa, ingawa nusu ya kijiji chetu hapa Faridpur imeshasema anacho. Ana hasira. Hata mimi ninazo, ila zangu zimechelewa.

Ni mjane wa shemeji yangu, na analima juti, mmea wa nyuzi za magunia. Hakuna anayeujua kama yeye. Gundi inayoshika nyuzi kwenye ganda haiko sawa shina zima: kileleni ni kidogo, kwenye kitako imejaa. Ndiyo maana wazee wetu waliyasimamisha matita ya mashina majini, vitako chini, siku nne kabla ya kuyalaza. Maji hula gundi kwanza. Yakiimaliza, yanakula uzi wenyewe.

Mwaka juzi Moyna alitaka mabati. Mavuno yale yangemwezekea nyumba kabla ya masika mengine. Lakini bwawa la kulowekea ni la mume wangu, Torab, mtu asiyeambilika.

“Siku nne za kusimamisha za nini?” alimcheka. “Shemeji, matita nayo yapigishwe gwaride?”

Akayalaza yote siku ile ile, akayakandamiza kwa migomba na matope.

“Migomba itaitia weusi!” Moyna alipiga kelele. “Weka vipande vya zege!”

“Tangu lini sari ya mwanamke ikaifundisha lungi ya mwanamume?”

Siku ya kumi na tano Moyna alivunja shina. Kileleni uzi uliteleza wenyewe, kwenye kitako ganda lilikuwa limegoma.

“Tuitoe leo! Vitako tuvikate, tuviloweke peke yake.”

“Subiri Ijumaa,” alisema Torab, akaenda zake kunywa chai.

Ijumaa vilele vilikuwa uji. Moyna aliingia majini hadi kiunoni peke yake, akavuta tita baada ya tita huku akilia kwa ghadhabu. Kilichopona kilikuwa cheusi tii.

Mnunuzi, Haripada, alikuja akainua shungi moja la nyuzi, likamkatikia mkononi.

“Nani kaiua mali hii?”

“Huyu mama,” alisema Torab bila kupepesa macho. “Mbishi! Nilimwambia tuitoe mapema, kakataa.”

Sijapata kusikia uongo mkavu kama ule. Moyna hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, maana migomba ile niliikata mimi kwa mkono wangu, na kila neno nililisikia.

“Dada, sema.”

Nikatazama kucha zangu. Haripada alichukua mzigo kwa bei ya takataka, akaondoka.

Masika yalimkuta Moyna chini ya nyasi kuukuu, zinavuja kila pembe. Asubuhi moja nilimpelekea wali na samaki wa ilishi, nikijifanya jirani mwema. Alikuja mlangoni na ndoo mkononi, nywele zimelowa.

“Rudi na chakula chako, dada,” alisema. “Mimi nilikuomba neno moja tu. Wali sikukuomba.”