Neno la Kwendea Mlangoni

Juzi mjukuu wangu alikuwa akijifunza Kiingereza kwa simu, anatembea sebuleni huku akirudia, "I am going." Nikamnyamazisha kabla hajafika mlangoni. Alinishangaa.

Sisi kule Lumuma tulifundishwa neno hilo kwa miguu. Mwalimu alikuita, ukaenda mlangoni huku ukitangaza kwa Kiingereza kwamba unakwenda, na darasa zima likaitikia kwamba kweli unakwenda. Mimi nikaamini kwamba ukilisema umekaa, halifanyi kazi.

Alasiri moja nililifanyia mazoezi nyumbani, kutoka mtungini hadi banda la kuku, nikilisema kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili. Bibi alikuwa anapepeta maharage, vumbi lake likitukereketa kooni. Ghafla ungo ukanyamaza.

"Unamuaga nani?"

"Simuagi mtu, Bibi. Nasema tu kwamba nakwenda."

"Safari haitangazwi ovyo. Kuna wanaosikiliza."

Kabla sijarudi mtungini, tukasikia lori likikoroma kupanda mlima. Wakashuka vijana wawili pamoja na balozi wetu wa nyumba kumi. Wakamwamkia Bibi shikamoo, kisha wakasema tufungashe vyombo, tunahamia kijiji cha ujamaa kule barabarani.

Leo najua kijiji kile kilipangwa mezani, mbali, na watu wasionijua. Siku ile nilijua kwamba lori nimeliita mimi.

Bibi aliitikia marahaba, lakini macho yake yalikuwa kwangu.

"Huyo mwalimu wenu," akasema, "kubaki hajawafundisha?"