Sweta ya Manyoya ya Mbuzi

Kisa hiki alinisimulia shangazi mwaka jana, tukipepeta ulezi. Zamani kidogo, baridi ya kipupwe ilikuwa inambana mumewe kifua, na sweta mbili za mitumba alizomnunulia zilifumuka zilipofuliwa tu. Akaenda mnadani Kiomboi kutafuta ya tatu.

"Shikamoo mama. Hii ni manyoya ya mbuzi wa Ulaya, siyo nailoni," muuzaji alimwambia.

"Marahaba. Hata zile mbili mlisema hivyo."

Akaigeuza ndani nje, akavuta mkono wa sweta na kuuachia aone kama unarudi. Kisha akachomoa uzi kwenye mshono, akauwasha kwa kiberiti.

"Mama, unanichomea mali!"

"Tulia. Nimebabua mbuzi tangu sijaolewa."

Uzi ulisinyaa bila kuyeyuka, ukanuka kama kichwa cha mbuzi kinapobabuliwa.

"Mbuzi kweli. Nifungie."

Wenye viwanda wana maabara. Wairamba tuna pua.

Mumewe aliivaa vipupwe sita, akafariki kwa uzee. Shangazi yu hai, na sasa anaivaa yeye. Muuzaji naye yu hai, amehamia Shelui. Habari za mbuzi sikuzipata.