Msichana Aliyeuliza Habari za Feni

Kama unataka kucheka, cheka sasa kabla sijaanza. Sikuwa nimelewa, haukuwa usiku, wala hakuna mtu aliyenisimulia. Niliyaona mwenyewe, mchana, dukani hapa Kisumu.

Mimi na ndugu yangu anayeishi Sondu huwa tunacheza gemu ya mpira mtandaoni, jioni tukitoka kazini. Laptop yangu ilikuwa imechoka. Mchezaji wangu anasimama kama mlingoti huku ndugu yangu akifunga bao na kunicheka. Nikaamua kununua nyingine, ya gemu hasa, na ndipo nikaingia kwa Bwana Oloo, aliyekuwa akiuza laptop mpya na zilizotumika katika duka moja jembamba karibu na soko.

Oloo aliniwekea mbili mezani. Ya kwanza ilikuwa nyembamba kama sahani, na skrini yake iling'aa hata nyasi za uwanjani ukaziona moja moja. Ya pili ilikuwa nene, nzito, rangi zake zimepauka.

"Ndani nguvu ni ile ile, bosi," akasema. "Hii nyembamba ndiyo matajiri wa Milimani wananunua. Ama unataka kutembea na tofali?"

Na mimi, niamini, nilikuwa nimeshaipenda ile nyembamba.

"Feni yake iko aje?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Alikuwa msichana mmoja mwembamba, amevaa sweta iliyofungwa mpaka shingoni. Sweta, Kisumu, jua likiwa kali vile. Ungekuwa wewe ungefikiria nini? Mimi nilidhani ana malaria.

"Feni iko sawa," Oloo akajibu bila kuinua macho. Alikuwa anatafuta chaja.

Msichana akanisogelea. "Ndugu, usianze na skrini. Skrini hukufurahisha ukiwa dukani. Washa gemu, iache icheze, kisha weka mkono chini yake." Akanieleza polepole, kama mtu aliyefikiria jambo hilo kwa muda mrefu, kwamba nguvu ya mashine si ile iliyoandikwa kwenye boksi, ni ile inayobaki ikishapata moto. Nyembamba haina pa kutolea joto. Inajipunguza nguvu, na gemu inaanza kukwama. "Na hiyo ndiyo nzuri," akasema. "Mbaya haijipunguzi. Inaendelea tu."

Nikawasha gemu. Baada ya muda nikapitisha mkono wa kushoto chini ya ile nyembamba, naye akaweka wake juu ya wangu kuukandamiza. Mkono wake ulikuwa mkavu, mwepesi kama ganda la kitunguu. Nilisikia joto likipanda, likazidi, nikataka kuutoa mkono, halafu ghafla sikusikia kitu. Ndipo harufu ikanifikia, harufu ya plastiki na godoro vikiungua.

Stima ikapotea. Mashine nyingi pale zilikuwa kuukuu, hazina betri, zinategemea waya wa ukutani. Feni zote zilinyamaza kwa pamoja. Lakini skrini hazikuzima. Duka zima liliwaka kimya, na kwenye ile nyembamba wachezaji waliendelea kukimbia.

Hapo ndipo Oloo alipoinua macho. Chaja ikamwanguka.

"Awuor," akasema.

"Nilikuuliza habari za feni, Mzee," msichana akamwambia. Hakupandisha sauti. "Ukasema iko sawa."

"Ilikuwa inapiga kelele. Wateja hawapendi kelele, nikaichomoa. Sikujua utalala nayo kitandani."

"Nilikuwa napakua gemu. Nikasinzia."

Akaichukua ile laptop, akamnyooshea. "Shika."

Ningekuwa Oloo ningekimbia. Yeye aliipokea kwa mikono miwili, kama mtu anayekabidhiwa mtoto, na akashindwa kuiweka chini. Nilimwona akijaribu. Jasho lilimtiririka mpaka kidevuni.

"Inachoma," akasema. "Nisamehe, inachoma."

"Ngoja kidogo," Awuor akamjibu kwa upole. "Bado haijapata moto."

Mvua ya ghafla ikapiga mabati, stima ikarudi, feni zikaanza kuvuma. Msichana hakuwepo. Laptop ilikuwa mezani, na nilipoigusa kwa mkono wa kulia ilikuwa baridi. Viganja vya Oloo havikuwa na lengelenge hata moja, lakini alikuwa anahema kama mtu aliyefungiwa ndani ya tanuri.

Nilirudi kesho yake kumjulia hali, nikakuta amefunga. Jirani yake, Mama Zuhura, anayeuza viatu mkabala, ndiye aliyeniambia. Awuor alikuwa binti wa mtaa wa Obunga, akishinda mashindano ya gemu mitaani, na chumba chake kiliungua usiku akiwa ndani. "Jana nilipomwona anaingia kwa Oloo nilifunga duka nikaenda nyumbani," akasema. "Mimi nilisimama kwenye kaburi la yule mtoto."

Hukumwonya Oloo, nikamuuliza.

"Nimwonye kwa nini?"

Lile joto halijamtoka Oloo mpaka leo. Halali ndani ya nyumba. Utamkuta ufuoni Dunga, ameketi majini mpaka kifuani, na wavuvi wanasema hata kiboko hamsogelei. Mwishowe alikwenda Obunga kuomba msamaha. Mama yake Awuor hukaanga mgongo wazi kando ya barabara, ile mifupa ya samaki aina ya mbuta inayobaki viwandani. Mama huyo alimsikiliza, akavuta kiti, akakiweka ubavuni mwa karai la mafuta.

"Keti hapo, Baba," akamwambia. "Nikimaliza hizi tutaongea."

Akakaanga mpaka jioni, akichochea kuni. Kisha akazima moto, akabeba karai, akaingia ndani. Oloo hurudi huko kila Jumamosi, na kila Jumamosi kiti kipo palepale. Nimepita hapo nikamwona. Simhurumii.

Mimi nilinunua nene kama ile ya pili, katika duka lingine, na inavuma kama posho mill ya kusaga unga. Mkono wangu wa kushoto hausikii moto tena. Juzi nilishika sufuria jikoni nikicheka na mke wangu, na ni yeye aliyeona ngozi ikitoka.

Kwa hiyo wewe unayenunua, igeuze mashine utazame matundu ya hewa, iache icheze, weka mkono. Na wewe unayeuza, akiingia mteja akakuuliza habari za feni, inua macho umtazame vizuri kabla hujamjibu.