Honi ya Pili Gatini Mbita

Nilifunga safari kwa sababu ya barua. Mwaka huo wa tisini na tatu, mke wangu Atieno, ambaye ni nesi, alikuwa amehamishiwa zahanati ya kisiwa cha Mfangano, ziwani. Binti yetu Boke, wa miaka minne, alibaki nami Kegonga nilikokuwa nikifundisha. Atieno aliandika: "Niletee mtoto likizo hii. Meli husimama Mbita, na mama atakuja gatini amefunga kitambaa cha buluu. Hajawahi kumwona Boke, na miguu yake haiwezi tena kumfikisha huko kwenu. Tafadhali mwonyeshe mjukuu wake." Ndiyo kazi niliyopewa, na mtoto mdogo angeiweza.

Lakini kwetu Wakuria, mtu na mama mkwe wake hawasogeleani. Ukimwona njiani, unapinda kando. Siku ya kupeleka mahari nilimtazama miguu tu. Wajaluo nao wana heshima kama hiyo, kwa hiyo Atieno ndiye aliyekuwa akisimama katikati yetu, akipokea huku na kupeleka kule.

Mjini Suna tulilala kwa rafiki, na kesho yake saa tatu asubuhi tukawa Homa Bay. Mimi ni mtu wa ng'ombe na mahindi. Maji mengi kuliko ya mto nilikuwa nayaona kwa mbali tu. Nilipanda meli nimemshika Boke mkono kama anayetaka kuibwa, nikakaa karibu na ngazi nisitoke tena.

Jirani yangu alikuwa Mama Achieng', mfanyabiashara wa vyungu aliyezoea meli kama mimi nilivyozoea chaki. Alinicheka bila kujificha.

"Yawa, mwalimu! Ni mara ya kwanza, eh?"

"Ndiyo, mama. Ikiniacha bandarini nitafanya nini?"

"Haiwezi kukuacha bure. Meli ikifunga kamba, kwanza uliza watu wa meli itakaa saa ngapi. Halafu shuka, nyoosha miguu, nunua samaki. Honi ya kwanza ni ya kukuita. Honi ya pili ndiyo ya kukuacha."

Nilimshukuru kwa adabu, nami nikajiambia kwamba mwalimu hafundishwi kusafiri na muuza vyungu.

Saa sita hivi tukafika Mbita. Watu waliteremka na mabeseni, wengine wakapanda na kuku. Nilimwona mara moja. Chini ya varanda ya duka, hatua hamsini kutoka kwenye meli, bibi mwenye kitambaa cha buluu alikuwa ameketi, kikapu mapajani, mgongo wake umeelekezwa kwetu. Alikuwa amenipa mgongo kwa heshima. Alikuwa akingoja nimtume mtu na mtoto. Nami nilikuwa nikingoja yeye amtume mtu aje kumchukua.

"Huyo ni nani unamwangalia hivyo?" Mama Achieng' akauliza.

"Mama mkwe wangu. Amekuja kumwona huyu."

"Na bado umekaa? Basi nipe mtoto nimpeleke. Ni hapo tu!"

Nilikataa. Mtu utamkabidhije mtoto kwa mgeni, bandarini? Hivyo ndivyo nilivyomjibu. Ukweli ni kwamba niliogopa meli, niliogopa desturi, na niliona aibu kuogopa mbele ya mwanamke.

Honi ya kwanza ikalia. Bibi akatikisika, lakini hakugeuka. Boke alikuwa amekaa sakafuni, akitafuna njugu, mbao za ukingo wa meli zikiwa juu kuliko kichwa chake.

Honi ya pili ikalia, kamba zikafunguliwa. Hapo bibi akasimama kwa shida, akageuka. Nami, kwa malezi niliyolelewa, nikainamisha macho. Nilipoyainua, maji yalikuwa yamepanuka kati yetu naye alikuwa ameshatupa mgongo tena, akichechemea.

Mfangano, Atieno hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mama alimpakata?" Nikamwambia mambo hayakuwezekana. Akaendelea kumwogesha mtoto.

Baada ya juma moja nilirudi peke yangu; Boke alibaki na mama yake, ambaye zahanati haikumpa ruhusa ya kuvuka hata siku moja. Mbita niliuliza muda, nikawa wa kwanza kushuka, hodari kweli sasa. Varanda ilikuwa tupu. Nilipomtaja bibi, mwenye duka akanipa kile kikapu.

"Alisema upewe ukipita tena. Alibebwa kwa baiskeli tangu alfajiri, siku ile. Lakini hakukasirika, mwalimu. Alisema mkwe wake ni mtu wa heshima sana."

Ndani mlikuwa na simsim na gauni dogo la manjano, limeshonwa kwa mkono, kwa kukisia. Kabla shule hazijafungwa tena, Atieno aliniandikia kwamba mama yake amefariki.

Kwa hiyo, wewe unayepanda meli kwa mara ya kwanza, msikilize muuza vyungu. Uliza muda, shuka, rudi kwa honi ya kwanza. Kama huwezi kushuka, mpe mtu anayeweza.

Boke sasa anasoma, na gauni lile halimwenei tena. Huniuliza nyanya alikuwa na sura gani. Sina la kumwambia, maana mimi nilimwona mgongo. Siku ile hata kushuka hakukuwa lazima. Ningemwinua Boke tu, juu ya zile mbao za ukingo.