Mama Bitota na Simu Zisizo na Jina

Bitota alifika Kamina, mji wa Katanga kusini mwa Kongo, akiwa mgongoni mwa mama yake, na hakuna aliyekusudia wakae. Ilikuwa mwaka 1993, Wakasai, watu wenye asili ya Kasai, walipofukuzwa katika miji ya machimbo wakapandishwa treni warudi "kwao", nchi ambayo mama yake aliijua kwa nyimbo za matanga tu. Treni ikakwama Kamina. Baba yake akashuka kutafuta maji, akakutana na mfanyabiashara wa mahindi aliyekuwa anahitaji karani, akarudi kwenye behewa na ndoo ya maji na kazi. Mizigo ikashushwa, na mpaka leo haijapandishwa tena.

Sasa Bitota ana duka la simu karibu na soko: chumba kimoja, kabati la kioo, paneli ya jua juu ya bati, na ubao uliojaa nyaya za kuchajia simu. Mumewe Kabeya ni karani katika ofisi za jimbo. Kila asubuhi humsaidia kuvuta mlango mzito wa chuma, kisha hupanda baiskeli yake akaenda kazini. Watu humwita Mama Bitota, hata waliomzidi umri, maana sifa yake inajulikana: ukinunua kwake na kitu kikaharibika, utamkuta palepale, hatajificha nyuma ya pazia.

Sifa hiyo ilimtia taabuni tangu Constant alipokuja.

Constant alikuwa wakala kutoka Lubumbashi, mwanamume mrefu mwenye viatu vilivyokuwa vyeusi kabla havijakutana na vumbi la njia. Alitua begi lake juu ya kabati, akatoa simu ya kijivu, nzito kidogo mkononi, iliyoandikwa Sanzo mgongoni.

"Sanzo njo nini?" Bitota akauliza.

"Njo marke yetu, Mama. Kampuni iko kidogo, lakini telefone iko muzuri. Siombi unisadiki. Baki nayo, utumie, nitapita tena."

Bitota akabaki nayo. Hakuwa mtu wa kusifu muhogo kwa maganda. Aliwapigia watu kwayo, akaisahau juani, ikamponyoka ikaanguka kwenye saruji, na siku moja ikatumbukia ndani ya beseni la sombe, majani ya muhogo yaliyopondwa. Akaifuta majani, ikaendelea kuimba. Akiijaza Jumapili kabla ya ibada, bado ilikuwa na nguvu katikati ya wiki, na redio yake ilisikika hadi kwa jirani.

"Aliyetengeneza hii anajua kwamba umeme hukatika," akamwambia Kabeya.

Constant aliporudi, Bitota akachukua katoni nzima.

Kuchukua ni jambo moja, kuuza ni jingine. Wa kwanza kuishika alikuwa Ariel, dereva wa taxi-moto, pikipiki ya abiria, aliyekuwa anahitaji simu ya kuvumilia mitikisiko. Akaigeuza, akaipima uzito, akasikiliza redio, akatabasamu. Bitota akadhani wamekwisha kuelewana.

"Nani mwengine eko nayo, Mama?"

"Weye utakuwa wa kwanza."

"Ah! Minyi niko mutu wa moto, Mama, hapana Adamu."

Akairudisha kabatini, akanunua ile ambayo wenzake wote stendi walikuwa nayo.

Bitota hakukasirika, kwa sababu Ariel hakuwa mjinga. Simu yenye jina ikivunjika kioo, fundi yeyote pembeni mwa barabara anacho kioo chake. Magamba yake ya kuikinga yanauzwa kwenye kila meza sokoni, ya rangi zote, yenye maua na yenye misalaba. Ukipata msiba na unahitaji nauli, unaiuza kabla jua halijazama. Ukikwama kwenye jambo fulani, shemeji yako atakuonyesha, maana naye anayo. Sanzo haikuwa na kioo cha akiba, haikuwa na gamba, haikuwa na shemeji.

Tena mawakala wa chapa kubwa walikuwa wamekwisha kulipaka duka rangi bure, ndani na nje. Walimletea mwavuli, kalenda na saa ya ukutani. Waliomba kitu kimoja tu, rafu iliyo usawa wa macho. Sanzo zikakaa rafu ya chini, usawa wa magoti, na mteja wa simu hainami kama mtu anayechagua nyanya.

Aliyeinama hatimaye alikuwa Bolingo, askari kijana wa kambi ya jeshi ya pale mjini, mtu wa jimbo la Ekwateri, mpole kuliko sare yake. Alikuwa anamposa Glodie, binti wa Mama Mbelu, na miongoni mwa vitu ambavyo wakwe walimtaka alete ilikuwamo simu ya mama mkwe. Bitota alimwonyesha zote bila kumficha neno. Bolingo akachagua Sanzo kwa sababu chaji yake ilidumu, na kule kambini alijua thamani ya kitu kinachodumu.

Siku ya kupeleka mahari, mbuzi wakapokelewa, vitenge vikapokelewa, chumvi ikapokelewa. Simu ikakataliwa. Mama Mbelu, kiongozi wa kwaya ya akina mama, aliishika kwa vidole viwili kama mtu anayeshika soksi ya mgeni.

"Mutoto yangu iko na jina, iko na ukoo," akasema mbele ya watu wote. "Ju ya nini unaniletea telefone haina jina, haina ukoo?"

Bolingo akaja dukani kesho yake, uso umemshuka. Bitota akainuka kitini. Alijifunga kitenge chake cha kutokea, akafunga duka mchana kweupe, jambo ambalo hakuwa na mazoea nalo, wakaongozana hadi kwa Mama Mbelu.

"Moyo, mamu," Bitota akasalimu kwa Kiluba cha Kasai.

"Moyo wenu. Mukaribie. Lakini kama mumekuja ju ya ile telefone, kahawa yangu ni kidogo."

"Tumekuja ju yake, mamu. Kahawa hatuitaki." Bitota akaketi. "Nakuomba jambo moja. Ukae nayo mpaka mwezi uishe. Kama haikupendeze, ulete dukani, nitakupa ile yenye jina, na huyu mukwe hataongeza kitu. Na kama inaharibika, leta kwangu. Hapana kwa muntu mwengine. Kwangu minyi."

Mama Mbelu akamtazama Bolingo, ambaye alikuwa anatazama vidole vya miguu yake. Akaguna. "Mpaka mwezi uishe," akasema.

Mwezi haukuisha kabla radi haijapiga mashine ya umeme ya mtaa. Ilikuwa masika, mawingu yametanda, na paneli za jua juu ya mabati zilikuwa hazina kazi zaidi ya kukusanya mvua. Simu za mtaa zikazimika moja baada ya nyingine. Ya Mama Mbelu ikabaki hai. Kwanza alikuja jirani kuomba kupiga mara moja. Kisha wanakwaya wakaanza kuwapa ndugu zao namba ya Mama Mbelu, na yeye akawa posta ya mtaa bila kuajiriwa. Binti wa mwanakwaya mmoja akajifungua mapacha mjini Mbuji-Mayi, na habari ikaingia kupitia simu ile. Mama Mbelu akavuka matope na viatu mkononi, akipaza sauti kabla hajafika mlangoni: "Ni wawili! Mungu amewaleta wawili!" Wanawake wakatoka na vigelegele, mvua ikiwanyeshea, na ile simu ikapitishwa toka mkono hadi mkono ili kila mmoja asikie sauti ya mzazi.

Mwezi ulipoisha, Mama Mbelu alifika dukani. Hakurudisha kitu. Alikuja na wanakwaya wawili nyuma yake. "Waonyeshe," akasema, na wote watatu wakainamia rafu ya chini.

Kwa njia hiyo Sanzo ikapata ukoo Kamina. Ukoo mdogo, wa akina mama wa kwaya na majirani zao na askari kadhaa wa kambini, lakini waliokuwa nayo walijuana. Katoni ikaisha. Bitota akampigia Constant alete nyingine.

Constant hakujibu kwa simu. Alikuja mwenyewe, bila begi. Bitota akamwona jinsi alivyosimama mlangoni, akajua. Akamwekea kiti, akamletea bukari, ugali wa kwao, na samaki, akamwacha ale kwanza.

"Sanzo imekufa, Mama," Constant akasema baada ya kunawa. "Benye kutengeneza vioo wanasikia kwanza yule anayeagiza shehena ya meli. Shiye tuliagiza ya mutumbwi, na kila kioo tulikinunua kwa bei kali kuliko yeye. Tulingojea mpaka bantu wakasahau jina letu, na hawakuwa wamelijua bado. Na minyi niko mumoja kwa Katanga yote. Kila duka ninaingia, ukuta umeshapakwa rangi ya mwengine." Akatazama ukuta wa Bitota, kisha akacheka, na Bitota akacheka naye, maana hapakuwa na la kuficha.

"Telefone haikuwa mubaya," Constant akasema.

"Najua. Minyi niko nayo mufukoni."

Haikupita muda mrefu, Mama Mbelu akaja dukani amebeba simu yake ndani ya kitambaa kama mtu aliyebeba ndege aliyeumia. Ilimponyoka kwenye ngazi za kanisa, kioo kimepasuka kama utando wa buibui. "Ulisema nilete kwako," akasema.

Bitota akaipeleka kwa Philémon, fundi wa simu aliyekuwa na meza yake upande wa pili wa barabara. Philémon akaigeuza chini ya taa. "Mikono iko, Mama. Kioo njo hakiko. Nitakitoa wapi?"

Bitota angeweza kumpa Mama Mbelu simu nyingine yenye jina, na Kabeya alimshauri hivyo. Lakini baada ya Mama Mbelu angekuja mwingine, na mwingine. Akampigia Constant, akamuuliza kama kuna mahali popote zilipobaki. Constant akafikiri. "Bukama," akasema. "Kuna mama mumoja wa samaki, Lucienne. Nilimuachia katoni. Sijui kama aliuza hata moja."

Bitota akamwachia Kabeya ufunguo wa duka siku ya mapumziko yake, akapanda treni. Akaketi dirishani na mkate wake, vijiji vikipita na wauza mihogo wakikimbia sambamba na mabehewa, na akagundua kwamba alikuwa anafurahia. Ilikuwa muda mrefu hajatoka Kamina. Mama yake hakupenda treni mpaka alipokufa. Bitota aliipenda, kwa sababu hii alikuwa ameikatia tikiti mwenyewe.

Bitota alimkuta Lucienne kando ya mto Lualaba, kati ya matenga ya samaki wakavu, mwanamke mnene mwenye kicheko kilichovuka mto.

"Zile Sanzo?" akasema. "Yaya, dada yangu, ziko pale pale alipoziweka! Wavuvi wananiuliza, nani mwengine eko nayo? Nawaambia, hakuna. Wananiambia, basi hata shiye hapana."

Katoni ilikuwa ghalani, chini ya matenga, haijafunguliwa. Bitota alikuwa amekuja na taa za jua alizojua wavuvi wangezipenda kwa kazi ya usiku. Wakabadilishana hapohapo, taa kwa katoni, kila mmoja akidhani amempunja mwenzake, na wote wawili wakaagana kwa kukumbatiana. Lucienne akamwongezea fungu la samaki wa kupeleka nyumbani.

Philémon alipofungua ile katoni mezani kwake, akarudi nyuma hatua nzima. "Mama! Umeniletea telefone ao samaki ndakala?" Plastiki ilikuwa imekunywa moshi wa samaki. Hata hivyo vioo vilikuwa salama. Akatoa kimoja kwa subira, akakipachika kwenye simu ya Mama Mbelu, akaiwasha. Ikaimba wimbo wake wa kuamkia. Mama Mbelu akaitia sikioni, kisha akaisogeza puani, akakunja uso.

"Inanuka Bukama," akasema.

"Itaisha, mamu."

"Hata isipoisha. Inasikika."

Harufu haikuisha upesi. Kwa miezi kadhaa kwaya ya akina mama ilipofanya mazoezi, kasisi alilalamika kwamba kuna mtu analeta chakula kanisani. Akina mama walitazamana wakabana vicheko katikati ya sauti ya pili.

Sasa Bitota anauza zaidi zile zenye jina. Anaziuza kwa moyo mweupe, maana ni simu nzuri na watu wanazitaka. Sanzo zilizobaki ziko kwa Philémon, moja moja zikitoa kioo, bateri, kitufe, na zile zinazotumika mtaani zinaendelea kuzungumza. Wateja wameongezeka. Mtu akija kununua hata ile ya chapa kubwa kabisa, husema, "Njo kwako nanunua, ju tulisikia ulienda mpaka Bukama." Ariel naye hununua kwake, na bado ana maneno: "Mama, ungenambia inakuja na samaki, ningeichukua."

Mwezi uliopita aliingia wakala mwingine, wa kampuni nyingine ndogo, na begi, na simu ya buluu. Bitota hakuishika kwanza.

"Vioo vyake viko wapi?" akauliza.

"Telefone njo hii, Mama. Iko na…"

"Nimeona. Iko muzuri, najua. Leta vioo na bateri kwanza, uviache kwa Philémon pale ng'ambo. Halafu ulete telefone. Nitaziweka usawa wa macho, hata kama wenye rangi watanuna."

Wakala akatazama ukuta uliopakwa, akatazama meza ya Philémon ng'ambo ya barabara, akakuna kichwa. Akasema atawauliza wakubwa wake. Hajarudi bado, na huenda asirudi. Bitota hana haraka. Jioni ile alivuta mlango wa chuma pamoja na Kabeya aliyempitia na baiskeli, akaketi kwenye kikalio cha nyuma na mboga mapajani, na wakaenda nyumbani polepole, wakiitikia salamu njia nzima.