Kibuyu cha Siku ya Tisa

Madereva wa malori ya Uvira na Baraka walikuwa na orodha yao ya pombe ambazo mtu hapaswi kufa kabla ya kuzionja. Ya pili na ya tatu walizibishania mpaka matusi. Ya kwanza hakuna aliyeibishia: tembo la mchikichi la Eugène wa Mboko. Mwenyewe alikuwa mgema mfupi, mbishi, mwenye majivuno ya kuchosha. Ukimwambia tembo lake ni tamu, alikutaka ueleze ni tamu namna gani.

Uchawi hakuwa nao. Alikwea alfajiri, akakata shina la ua kidogo tu kwa kisu kikali, akaosha kila kibuyu kwa maji ya moto ili mashapo ya jana yasichachushe tembo la leo. Mchikichi aliougema aliupumzisha mwaka mzima. Majirani waliomcheka walikuwa wakiuza siki.

Mwaka 1999, miezi michache baada ya mauaji ya Makobola, watu wengi wa Mboko walivuka ziwa hadi Kigoma kukimbia vita. Eugène angevuka nao, lakini askari walikuwa wamemkamata mdogo wake Norbert, mwalimu wa shule, wakidai anawapelekea chakula wapiganaji wa msituni. Walimfungia katika depo ya samaki kando ya barabara. Eugène alimwendea komanda wao na kibuyu cha tembo, kwa kuwa hakuwa na kitu kingine.

Huko, anayetoa pombe huonja kwanza mbele ya anayepokea, ijulikane haina sumu. Eugène akaonja, komanda akanywa.

"Iko muzuri," alisema komanda. "Lakini haiko ile banasifu. Leta ile, ndugu yako atatoka."

Siku nane alileta tembo la michikichi ya kawaida, na siku nane alijibiwa vilevile. Kila asubuhi alimwona Norbert kupitia nyufa za mlango. Siku ya tano alikuwa na meno machache kuliko siku ya nne.

Siku ya tisa Eugène alileta tembo la mchikichi aliokuwa ameupumzisha miaka miwili, akiuandaa taratibu tangu komanda alipomjibu mara ya kwanza. Akaonja. Maisha yake yote hakuwahi kugema kitu kama kile. Alisahau alipo. Alifumba macho, akatabasamu. Mjinga yule alifurahi, kwa moyo wake wote, hatua kumi kutoka mlango wa ndugu yake.

Komanda alikuwa akimtazama usoni. Akapokea kibuyu, akanywa mpaka nusu.

"Ndiyo hii," alisema.

"Basi, komanda, unifungulie Norbert."

"Mi nilikunywa divai ya Bazungu kule Kinshasa. Banaifungia chini ya nyumba miaka makumi, na haiharibike. Ya kwako, magaribi tu iko siki. Ile haikae." Alipangusa midomo kwa mkono wa shati. "Sasa mi nitaweka nini? Nitaweka wee. Nikifungua ndugu yako, kesho muko Kigoma bote babili. Acha akae pale."

Eugène alipiga magoti, akaomba, akalia. Komanda alimalizia tembo bila haraka, akamrudishia kibuyu kitupu na kumwambia kesho awahi.

Njia ya kurudi ilipita mbele ya depo. Norbert alikuwa amesikia kila neno. Alisogeza uso kwenye ufa wa mlango.

"Yaya," aliuliza, kama alivyozoea kumwita kaka yake, "juu ya nini umemuletea ile muzuri?"

Eugène alitaka kumjibu kwamba ni kwa ajili yake. Lakini mdomo wake ulikuwa bado mtamu, na aliona haya kuufungua.