Trei ya Sita

Katika ghala la kambi ya gesi pale Palma, roboti huleta makasha, skrini husema kitolewe nini, na mama wa kituo cha tatu hutoa. Usoni kapaka msiro mweupe wa urembo, mdomoni bismillahi kwa kila kasha, na mikono yake haina pupa. Ana trei sita za kupakia oda, lakini hujaza tano tu. Jambo hilo lilimkera Latifo, fundi wa mitambo.

“Mama, hiyo ya sita mbona tupu kila siku?”

“Ya mgeni. Kwani kwenu hambakizi sahani?”

Latifo akaguna, akaenda zake. Asubuhi moja ikaingia oda ya dharura: zahanati ya kambi inataka dripu, kuna mtu kazidiwa. Vituo vingine trei zote zilikuwa na mali, na mashine haipokei oda mpya mpaka ya zamani ikamilike. Mama akazipanga dripu kwenye trei ya sita, akaisukuma, akarejea kwenye oda yake ya boliti huku akiimba kaswida taratibu, kana kwamba amemkaribisha jirani tu.

Siku hiyohiyo Latifo aliiamuru kompyuta ibakize trei moja tupu kila kituo. Ikataka jina la trei hiyo, akaandika MGENI. Kesho yake mama alilisoma kwenye skrini. Alishika ncha ya kapulana aliyojifunga juu ya ovaroli, akaifuta ile trei tupu ndani na nje, kama sahani.